Bingwa Asiyekuwa na Leseni

Paukwa! Najua mmeitikia pakawa, hata nyinyi mnaosoma kimya kimya barazani huku mkingojea adhana ya magharibi. Leo sikuleteeni sungura wala fisi, wala sultani mwenye mabinti saba. Hadithi yangu ni ya mtoto wa kweli, aliyezaliwa tarehe 1 Oktoba 2000 katika mji wa Jyväskylä, nchini Finland. Mtoto huyo alitwaa ubingwa wa mbio za magari wa nchi nzima kabla hajafikia umri wa kupewa leseni ya udereva. Jina lake Kalle Rovanperä.

Mtauliza, Finland na Unguja wapi na wapi? Subirini kidogo. Kijana huyu alikuja Afrika Mashariki, vumbi la Naivasha, nchini Kenya, likamzamisha watu wakimtazama, akarudi mwaka uliofuata akashinda. Kisha lipo jambo jingine linalonisukuma kukuhadithieni. Jioni pale Michenzani huwaona vijana wakipita na pikipiki, tairi la mbele likiwa hewani, na wadogo zao pembeni wakiwapigia makofi. Wadogo wale wanaamini kwamba kwenda mbio ni ushujaa wa kuzaliwa nao, ama unao ama huna. Maisha ya Kalle yanasema vingine kabisa, na nataka muyajue tangu mwanzo wake.

Finland ni nchi ya maziwa. Yamehesabiwa yakazidi 180,000. Ikifika Januari baridi huweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na maziwa hayo huganda. Msifikirie yale mabonge ya barafu yanayopakiwa kwenye vyombo vya wavuvi pale Malindi. Kule ziwa zima hugeuka sakafu nene ya kubeba gari, na watu huiondoa theluji juu yake wakachora njia yenye kona za kila namna. Njia ile si barabara ya umma, kwa hiyo mtoto akiwa na mzazi wake huweza kushika usukani.

Hapo ndipo penye siri, na naomba msinipite haraka. Kwenye lami kavu gari haliserereki mpaka liwe limeshika kasi kubwa, na likiserereka kwa kasi hiyo, linaua. Juu ya barafu tairi halina pa kushikia. Gari huanza kuserereka likiwa bado linakwenda mwendo wa baiskeli. Basi mtoto anayefundishwa barafuni anajifunza kuserereka katika mwendo ambao kosa halimuumizi. Gari linazunguka, linajichomeka kwenye lundo la theluji, linasukumwa, kazi inaanza upya. Litazunguka tena na tena msimu mzima. Taratibu mkono unazoea kwamba nyuma ya gari ikikimbilia kulia, usukani nao unageuzwa kulia. Mguu unazoea kuachia mafuta kidogo kidogo badala ya kurukia breki. Akishakuwa mtu mzima mwili unafanya wenyewe kabla akili haijauliza.

Kalle alianza akiwa na miaka sita. Baba yake, Harri Rovanperä, alikuwa dereva wa mashindano ya dunia ya rali, na alishinda Rali ya Sweden mwaka 2001, wakati mwanawe bado ni mtoto mchanga wa miezi minne. Harri alimpatia mtoto Toyota Starlet, zile gari ndogo za zamani ambazo hata huku kwetu mmeziona, ikarekebishwa ili miguu mifupi iweze kufika kwenye kanyagio za klachi, breki na mafuta. Alipofika miaka minane, video yake ya mazoezi iliwekwa YouTube ikazunguka dunia. Watu walitazama wasiamini: mikono midogo inazungusha usukani upande huu na upande huu, gia inaingia, gari linapita kona kwa ubavu, na uso wa mtoto umetulia tu.

Mtu anaweza kusema, ah, huyo baba yake ni bingwa, lazima atajua. Ni kweli baba alisaidia, na fedha zilisaidia. Mchezo wa magari ni ghali kuliko karibu michezo yote, na sitakufichieni hilo. Lakini Wafini wameshughulika na jambo hili la fedha kwa njia inayonifurahisha sana. Wana mashindano ya wananchi wa kawaida, yanayokimbizwa kwa magari makuukuu kwenye viwanja vya vumbi, na kijana wa miaka 15 anaweza kushiriki. Sheria yao kuu ni hii: mbio zikiisha, mtu mwingine anaweza kutaka kulinunua gari lako kwa bei moja iliyokwisha kupangwa, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Sasa fikirini. Mwana wa tajiri akitia injini ya mamilioni ndani ya gari lake, Jumapili jioni gari litaondoka mikononi mwake kwa bei ileile ya gari la mtoto wa fundi. Basi hakuna anayethubutu. Wote wanabaki na magari ya bei ndogo, na anayeshinda ni anayejua kuendesha. Ningetamani michezo yetu mingi ingekuwa na sheria ya namna hiyo.

Ndiyo maana nchi ile yenye watu kama milioni tano na nusu, ambao wanakaribia kulingana na wakazi wa Dar es Salaam peke yake, imetoa mabingwa wengi wa dunia wa rali: Ari Vatanen, Hannu Mikkola, Timo Salonen, Juha Kankkunen aliyetwaa mara nne, Tommi Mäkinen naye mara nne, na Marcus Grönholm mara mbili. Wote hao walitangulia kabla ya kijana wetu.

Turudi kwake. Rali si mbio za kuzunguka uwanja mmoja ambao dereva ameshaukariri. Ni barabara za mashamba na misitu, zimefungwa kwa muda, zimegawanywa vipande viitwavyo mikondo, na magari huachiwa moja moja, kila moja likishindana na saa. Ndani ya gari mna watu wawili. Mmoja anaendesha. Mwingine ni mwelekezi, ambaye kazi yake ni kusoma daftari. Siku chache kabla ya mashindano wawili hao hupita kila mkondo mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza dereva anatazama barabara na kutamka anachokiona: mita mia moja, kulia ya nne, inabana mwishoni, jiwe ndani ya kona. Mwelekezi anaandika kwa mkato. Mara ya pili mwelekezi anasoma, dereva anasahihisha. Siku ya mashindano maneno yaleyale husomwa kupitia spika zilizo ndani ya helmeti, gari likienda kilomita 150 kwa saa na zaidi, na dereva anaigeukia kona asiyoiona bado kwa kuwa ameambiwa ipo.

Mkitaka kuelewa ugumu wake, fanyeni mchezo huu katika Mji Mkongwe. Simameni Darajani. Mmoja afungwe leso machoni. Mwenzake awe amepita njia ile jana na daftari: hatua arubaini moja kwa moja, kushoto kali, baraza upande wa kulia jibane, hatua kumi, kulia pole, mfereji chini. Mpiteni Hurumzi, mshuke Gizenga, mtokee nyuma ya Ngome Kongwe mpaka Forodhani. Mtakachogundua ni kwamba kusema kweli hakutoshi. Ukiitaja kona mapema mno, mwenzako ataingia ukutani. Ukichelewa, ataingia kwenye duka la watu. Lazima neno limfikie pale pale mguu wake unapolihitaji. Na yule aliyefungwa leso atagundua jambo gumu zaidi, kwamba akisita kumwamini msomaji wake, hawezi kutembea kabisa.

Mwelekezi wa kwanza wa Kalle alikuwa mzee aitwaye Risto Pietiläinen, ambaye zamani alimsomea daftari baba yake. Tazameni busara ya wazazi hao. Hawakumpa mtoto rafiki wa rika lake wa kushangilia naye. Walimpa mtu mzima aliyekwisha kuziona ajali, anayejua kunyamaza na anayejua kukemea.

Mwaka 2015 kijana ana miaka 14 na anaendesha vizuri kuliko watu wazima wengi, lakini kwao sheria haimruhusu kushindana. Wakavuka kwenda Latvia, nchi ndogo ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, ambako kanuni za mashindano zilimruhusu asiye na leseni kushindana katika barabara zilizofungwa. Alianza na gari dogo la Citroën. Mwaka uliofuata alipewa Škoda yenye nguvu zaidi, na mwaka huo huo wa 2016, aliotimiza miaka 16, akawa bingwa wa Latvia. Mwaka 2017 akautwaa tena.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha hadithi yangu. Mikondo ya rali haikuungana. Ukimaliza mmoja, lazima uliendeshe gari kwenye barabara ya umma, pamoja na malori, mabasi na wenye baiskeli, mpaka mkondo unaofuata. Kwa hiyo kila mkondo ulipokwisha, gari lilisimama. Bingwa alifungua mlango, akashuka. Mzee Pietiläinen akashuka upande wake. Wakapishana mbele ya boneti, wakabadilishana viti. Mzee akaliendesha gari taratibu, akatia indiketa, akasimama kwenye taa nyekundu, na yule kijana aliyewashinda watu wote dakika chache zilizopita akakaa pembeni kwa abiria. Walipofika mwanzo wa mkondo mwingine, wakabadilishana tena. Ilikuwa hivyo siku nzima, kila mashindano.

Hakuna polisi aliyesema, huyu ni bingwa, mwacheni apite. Wala yeye hakudai. Nalitazama jambo hilo kwa heshima kubwa kuliko hata makombe yake.

Ndipo mwaka 2017, alipotimiza miaka 17, mamlaka ya usafiri ya Finland ilipompa ruhusa maalumu ya kufanya mtihani wa udereva mwaka mmoja kabla ya umri wa kawaida wa miaka 18. Akafanya, akapasi. Wiki chache tu baadaye, mwishoni mwa Oktoba, alikuwa Wales, Uingereza, katika mashindano yake ya kwanza ya dunia, na leseni mpya mfukoni. Kando yake sasa alikaa Jonne Halttunen, mwelekezi aliyeendelea naye kwa miaka mingi.

Miaka miwili iliyofuata nitaipita mbio. Aliendesha Škoda katika daraja la pili la mashindano ya dunia, na mwaka 2019 akawa bingwa wa daraja hilo kwa timu za viwanda. Mwaka 2020 Toyota ikamwita katika daraja la juu, na mwezi Februari kule Sweden akashika nafasi ya tatu, akiwa na miaka 19. Tarehe 18 Julai 2021 alishinda Rali ya Estonia. Alikuwa na miaka 20 na siku 290, na hakuna dereva mwenye umri mdogo zaidi aliyewahi kushinda mashindano ya dunia ya rali kabla yake. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Jari-Matti Latvala, Mfini mwenzake. Na Latvala huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa timu ya Toyota siku ile, yaani rekodi yake ilivunjwa na kijana wa timu yake mwenyewe.

Lakini wiki tatu kabla ya furaha hiyo ya Estonia, Kalle alikuwa Kenya, kwenye Safari Rally.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kisiwa chetu hakikuwamo. Rali ile ya zamani iliweza kufika kilomita 5,000. Kutoka Mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60, kwa hiyo hesabuni wenyewe: ni kwenda na kurudi Nungwi zaidi ya mara arubaini, usiku na mchana, kwenye tope la masika, barabara haijafungwa, ng'ombe na mabasi wamo. Kwa karibu miaka 20 ya mwanzo, wageni waliokuja hawakushinda. Walioshinda ni wa hapa hapa. Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho aliyeanza kama fundi wa gereji, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, kisha tena 1974 na 1976. Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishinda miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Gari hilo la Peugeot wazee wenu wanalijua vizuri, waulizeni. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano.

Mgeni wa kwanza kuuvunja mwiko huo, mwaka 1972, alikuwa Mfini: Hannu Mikkola. Akaja Ari Vatanen mwaka 1983. Mwaka 1985 akaja Juha Kankkunen, mtu wa Laukaa, jirani kabisa na Jyväskylä. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga Safari, na akashinda. Huo ndio ushindi wake wa kwanza wa dunia. Tommi Mäkinen naye alishinda mwaka 1996 na 2001. Watu wa barafu wamezoea gari lisiloshika ardhi, na tope letu halishiki.

Julai 2002 Safari ilikimbizwa kwa mara ya mwisho kama shindano la dunia, kabla ya kukosekana kwenye kalenda kwa karibu miaka 20. Mshindi alikuwa Colin McRae wa Scotland. Wa pili alikuwa Harri Rovanperä. Kalle nyumbani alikuwa bado hajatimiza miaka miwili.

Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia, Juni 2021, ilikuwa imebadilika. Njia ilifupishwa na barabara zikafungwa kama sheria za kisasa zinavyotaka, makao yakawa Naivasha, katika Bonde la Ufa. Majina ya mikondo ni mazuri kuyasikia: Loldia, Elmenteita, Soysambu, Hell's Gate, Kedong. Ila Kedong si nzuri kuiendesha. Ardhi ya kule ni majivu ya volkano yaliyosagika tangu zamani mpaka yakawa laini kupita unga wa sembe. Gari la kwanza likipita, la pili likipita, pale juu panaonekana barabara, kumbe chini ni shimo lililojaa vumbi. Tairi linazama, vumbi linaingia kwenye njia ya hewa ya injini, na injini inakabwa. Ndiyo maana magari ya Safari hufungwa bomba refu linalopanda mpaka usawa wa paa, yavute hewa ya juu.

Kalle alikuwa miongoni mwa walio mbele siku ile ya Ijumaa alipoingia Kedong. Gari likazama. Akatia gia ya mbele, ya nyuma, tairi zikazidi kujichimbia. Mtoto wa barafu, aliyekuwa na majibu ya kila utelezi, hakuwa na jibu la vumbi lisilo na chini. Siku yake ikaishia pale. Kanuni zinamruhusu aliyekwama kurudi kesho yake akiwa ameongezewa muda mwingi wa adhabu, akarudi, na Jumapili akamaliza wa sita. Mshindi alikuwa Sébastien Ogier, Mfaransa. Nyuma ya Kalle, wa saba, wa nane na wa tisa, walimaliza Wakenya watatu, Onkar Rai, Karan Patel na Carl Tundo, ambao vumbi lile wamezaliwa nalo.

Angeweza kusema, barabara za Afrika mbovu, na wapo waliosema. Alirudi Juni 2022, na aliyeyaona mashindano yale atakumbuka kwamba hakuendesha kwa kuonyesha ubingwa. Mahali palipohitaji kupita polepole, alipita polepole. Wenzake walipasua matairi na kukwama, yeye akazilinda tairi zake. Mvua iliponyesha Jumamosi na vumbi likageuka tope, mikono ile ya ziwani ikapata kazi inayoijua. Jumapili, tarehe 26 Juni, alimaliza wa kwanza, miaka 20 baada ya baba yake kumaliza wa pili. Nafasi nne za juu zote zilikwenda kwa Toyota.

Mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, kule New Zealand, akawa bingwa wa dunia. Siku iliyotangulia ilikuwa sikukuu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo alikuwa na miaka 22 na siku moja. Bingwa mdogo kuliko wote kabla yake, Colin McRae yule yule, alikuwa na miaka 27 alipotwaa ubingwa mwaka 1995. Kalle alilitetea taji lake mwaka 2023, na mwaka 2024 akaja Naivasha akashinda Safari kwa mara ya pili. Mwishoni mwa 2025 akatangaza kwamba anaacha rali, anakwenda kuanza upya kwenye mbio za viwanja, akiwa na miaka 25 tu. Watu wengi walishangaa. Mimi naona ni mtu yule yule aliyezoea kurudi kwenye kiti cha mwanafunzi.

Msidhani safari hizi ni za upande mmoja. Februari 2022 kijana Mkenya aitwaye McRae Kimathi, ambaye baba yake alimpa jina la yule bingwa wa Scotland, alipanda ndege na mwelekezi wake Mwangi Kioni akaenda Sweden kushindana kwenye theluji, katika mashindano ya dunia ya vijana. Hakuwa amekulia juu ya ziwa lililoganda. Alikulia kwenye joto na vumbi, akafundishwa theluji akiwa mtu mzima, na akamaliza mashindano. Huyo naye anastahili hadithi yake siku nyingine. Na hata Tanzania Bara wapo wanaoshindana, katika rali za Iringa, Morogoro na Bagamoyo, kwenye barabara zilizofungwa, wakiwa na helmeti na mikanda, na gari la wagonjwa likisubiri pembeni.

Huku Unguja sisi hatuna mkondo uliofungwa. Barabara zetu zote ni za umma. Ile ya Bububu ina watoto wa skuli wanaovuka saa sita na nusu mchana na mikoba mgongoni. Ya Nungwi ina wenye baiskeli waliobeba majani ya ng'ombe, na mbuzi wasiojua kulia wala kushoto. Kama ipo barabara ambayo Kalle Rovanperä wa miaka 16, bingwa wa Latvia, angeteremka na kumpisha mzee wake ashike usukani, basi ni hizi zote.

Wewe mwenye ringi lako na kijiti, au unayetengeneza gari la waya na kulikatia matairi ya kandambili zilizochoka, endelea. Likimbize uwanjani, lipindishe, libinue, ulijenge tena. Uliza fundi wa gereji ya mtaani kwenu breki inafanyaje kazi, na ukipata ruhusa shika spana umsaidie. Joginder Singh alianzia hapo. Pikipiki ya kaka yako iache mpaka ufike umri na uwe na leseni.

Na siku mtakapopanda daladala ya 310 kwenda Makunduchi, angalieni mkifika Jozani. Pale kuna matuta barabarani, yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, wanyama ambao asili yao duniani kote ni kisiwa hiki kimoja, na ambao wengi walikuwa wakigongwa na magari. Dereva akiyakaribia matuta yale bila kupunguza mwendo, msinyamaze kwa kuogopa kuwa nyinyi ni watoto. Mwambieni kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: Ami, punguza, kuna kima wanavuka.